Trekta Lisilo na Gia

Lilifika kutoka Mpunguzi juu ya mkokoteni,
ng'ombe wawili wakiburuta trekta.
Nilicheka kabla sijasalimia.
"Mbukwa," akasema Mama Nyemo,
na hakucheka.

Alieleza ugonjwa kama anayempeleka mtoto zahanati:
asubuhi linapanda hadi mstari wa mwisho wa zabibu,
saa nne linaguna,
saa sita, jua likikaa utosini,
hata mteremko linataka kubembelezwa.

Baba yangu, dereva wa lori njia ya Kondoa,
angelizunguka mara mbili akiuliza gia ziko wapi.
Kwake mashine isiyokwaruza
ilikuwa bado imelala.

Hazipo, baba.
Pampu inasukuma oili, oili inasukuma mota,
mota inazungusha ekseli.
Ni kama mawifi wawili walionuniana nyumba moja:
hawasemezani, wanamtuma mtoto.
Mwambie shangazi yako asogee.
Mwambie mama yako nimesogea.
Kazi zinakwenda, chungu kinaiva.
Ila mtoto akichoka
ujumbe unaishia mlangoni.

Nikafungua nati ya chini.
Kilichotoka kilikuwa chepesi, cha rangi ya chai ya maziwa.
Nikachovya kidole, nikanusa:
maandazi.

"Nani ametia alizeti humu?"

Ng'ombe mmoja akacheua.
Mama Nyemo akatazama barabara ya Iringa
kama anayesubiri mtu.
"Duka letu lina mafuta ya aina moja.
Ukungu ulikuwa umeshaingia kwenye majani,
pipa la dawa liko nyuma ya trekta,
na trekta limekauka.
Wewe ungetia nini?"

Sikuwa na jibu. Nikachukua spana ya kumi na tatu.

Siku tatu.
Vumbi la Dodoma halibishi hodi,
kwa hiyo nilifungulia pampu ndani ya chandarua,
pistoni nimezipanga kwenye sinia la harusi ya dada,
kila moja na shimo lake, zisichanganyane.
Sahani ya shaba ilikuwa na mikwaruzo.
Nikailaza juu ya kioo cha kabati la marehemu shangazi,
msasa laini, oili kidogo,
nikaiandikisha namba nane,
nane, nane, nane,
hadi adhana ya magharibi.
Mkwaruzo mmoja ulibaki.
Nikaupitishia ukucha, ukucha haukukwama.
Huo nikausamehe.

Sili haikuwepo mji mzima.
Majengo walinipa ya pikipiki, ikapwaya.
Sabasaba walinipa ya pampu ya kisima,
wakaniuzia kwa bei ya mtu aliyekwisha toa jasho.
Ikaingia kama iliyotumwa.

Kisha kutoa hewa.
Magurudumu ya nyuma juu ya matofali, yanaelea.
Mbele. Nyuma. Mbele.
Lililia kama mbwa aliyefungiwa nje.
Povu likapanda kwenye kopo, likapasuka, likapanda,
mguu wangu ukafa ganzi kwenye pedeli,
nyuma, mbele, nyuma,
na mahali fulani katikati
kilio kikakatika.
Sikukisikia kikikatika. Nilisikia kuku.

"Tulijaribu," nikasema.
"Bado," akasema Mama Nyemo. "Saa tatu hii. Saa tatu halijawahi kunidanganya."

Tukakaa kwenye tairi bovu hadi saa sita.
Tela tukalijaza mawe.
Kilima cha nyuma ya gereji si kirefu, ila kina kiburi.
Lilipanda. Karibu na juu likasita,
mimi nikashika pumzi,
likawaza,
likamaliza.

Alilipa nusu taslimu,
debe moja la zabibu nyeusi,
na salio hadi mavuno. Nimeandika kwenye daftari.
Juu ya kifuniko cha oili nilipaka kwa rangi nyekundu:
SI ALIZETI.

Akaufunga mkokoteni nyuma ya trekta,
na nyuma ya mkokoteni ng'ombe,
hawana nira, hawana mzigo,
wanatembea wakitazamana.

Alipofika barabarani akageuza kichwa:
"Sasa cheka."